Mpigapicha Mfupi

Mkono ulikuwa wa mkewe. Juu ya hilo hapakuwa na ubishi. Kovu la pasi chini ya kidole gumba alilijua vizuri, na yeye ndiye aliyelipaka dawa siku lilipopatikana. Mkono ulikuwa umelala kwenye ukingo wa dirisha, kiganja juu, kama wa mtu anayengoja kupewa kitu na hana haraka nacho. Pindo la mkono wa gauni lilikuwa la manjano iliyoiva, na lilikuwa na vifungo vidogo vya mbao ambavyo yeye hakuvijua. Mwanga uliingia kutoka kushoto, ukavipitia vidole kimoja kimoja, ukaishia ukutani. Ilikuwa picha nzuri, na hilo ndilo lililomkata maini.

Aliikuta jioni alipokuwa akitafuta mkasi. Ilikuwa imebanwa kwa pini upande wa ndani wa mlango wa kabati la nguo, mahali ambapo mwanamume hana shughuli napo. Aliichomoa, akaishika kwa ncha za vidole, akaigeuza, akainusa karatasi. Kisha akaketi kitandani akaanza kuisoma, maana kwa mtu wa kazi yake picha humsema aliyeipiga kuliko aliyepigwa.

Mwanga laini namna ile ulikuwa wa asubuhi, kwenye dirisha la mashariki, tena lenye pazia jepesi. Mpigapicha hakubahatisha, alisubiri hadi jua likafika pale alipolitaka. Na kamera ilikuwa chini, kimo cha kiuno. Kwa hiyo ama aliyepiga alikuwa mtu mfupi, ama alikuwa amepiga magoti. Wazo la mtu mfupi lilimkasirisha. Wazo la mtu aliyepiga magoti lilimtisha.

Akairudisha picha mahali pake, akaichomeka hata pini kwenye tundu lake la zamani, akafunga kabati. Mkewe alipomwita mezani alikwenda, akala, akasifu mchuzi, kana kwamba hakuona kitu.

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina. Walimwita Inua Kidevu, kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyomwambia kila aliyekaa kwenye kiti cha studio yake, awe bibi harusi au mzee wa pasipoti. Alikuwa na mapazia mawili ya kuchorwa, moja la maporomoko ya maji na jingine la ngazi za kasri, na aliamini kwa dhati kwamba uso wa binadamu una mkao mmoja tu wa haki. Nusu ya mji ilikuwa imening'inia kwenye kuta za sebule ikiwa imeinua kidevu. Mkewe hakuwamo. Mkewe alipigwa picha siku ya harusi, zikafuata picha ndogo za vitambulisho, basi. Mganga hajigangi, ndivyo alivyozoea kuwajibu watu walipomtania. Wao walicheka, naye alicheka, na jambo likaishia hapo.

Sasa, alipolala chali akitazama dari, alikumbuka kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalikuwa yametanda muda mrefu. Tangu binti yao wa mwisho alipoolewa na nyumba ikanyamaza, mkewe naye alinyamaza kwa muda, kisha akaanza kubadilika. Kwanza vilikuja vitabu. Alifanya kazi maktaba ya mji, zamu ya mchana hadi jioni, na miaka yote hakuwahi kuleta kazi nyumbani. Ghafla alikuwa akirudi na mkoba mzito, akisoma huku akikoroga sufuria, akicheka peke yake mbele ya mvuke. Zikaja nguo. Alinunua mitumba ya bei ya chini kabisa, akaifumua nyuzi zote, akaishona upya kwa mkono wake. Sketi ya kijivu ikapata pindo jekundu. Shati la mwanamume likawa blauzi yenye kola pana. Majirani walianza kumsimamisha njiani kumwuliza fundi wake ni nani.

"Umependeza," mumewe alimwambia siku moja, kwa sauti iliyokuwa ikiuliza kitu kingine.

"Asante, baba."

"Kuna shughuli kazini leo?"

"Hakuna. Ni Jumanne tu."

Alijua watu wanavyovaa kwa ajili ya harusi, kwa ajili ya mahafali, kwa ajili ya picha. Mtu anayevaa kwa ajili ya Jumanne hakuwahi kumwona, na asichokijua mtu hukishuku.

Picha ziliendelea kuzaliwa ndani ya kabati. Kila baada ya siku chache moja iliondoka na nyingine ikakaa mahali pake. Shingo kwa nyuma, kola ya kijani imesimama, nywele tatu zimechomoka. Pindo jekundu likigusa mguu wa kiti. Kiatu cha zamani alichokijua, kimepigwa rangi mpya, kando ya kitabu kilichofunguliwa sakafuni. Kivuli cha mwanamke ukutani, kimeinamisha kichwa. Uso haukuwahi kuonekana. Huyo mtu mfupi alikuwa mwizi mwenye adabu, alimchukua mwanamke wa watu kipande kwa kipande.

Na ukuta ulikuwa uleule siku zote. Rangi yake ilikuwa ya chungu kilichochomwa vizuri, si nyekundu na si kahawia. Inua Kidevu hakujua nyumba yenye ukuta huo. Alianza kutembea mjini akichungulia madirisha ya watu, mtu mzima na mvi zake, hata mama mmoja akamfungia pazia usoni akimlaani. Alichungulia nyumba ya mfamasia, ambaye ni mfupi: ukuta mweupe. Alichungulia ofisi ya wakala wa bima, ambaye ni mfupi zaidi: ukuta wa buluu, na dirisha linatazama magharibi. Hakujua kwamba mji una watu wafupi wengi hivyo, na kwamba wengi wao ni watanashati.

Kulikuwa na njia nyingine, nayo ilikuwa karatasi. Picha zile zilichapwa kwenye karatasi isiyong'aa, na mjini ni mtu mmoja tu aliyeipenda karatasi hiyo, mpinzani wake wa upande wa pili wa barabara. Huyu aliitwa Saa Moja, kwa sababu bango lake liliahidi picha kwa saa moja na wateja walizipata kesho yake. Hawakuwa maadui, walikuwa watu wanaosalimiana kwa sauti kubwa ili wasilazimike kuzungumza. Inua Kidevu alivuka barabara, akaingia, akamkuta Saa Moja amekunja mgongo wake mrefu juu ya mashine. Mtu huyo alikuwa mrefu kama nguzo ya umeme. Mgeni wake alimpima kwa macho tangu kisogo hadi visigino, akamwondoa kwenye orodha ya washukiwa, akahisi amemkosea heshima kwa kumweka, na akasikitika kidogo kwamba jambo halikuwa rahisi hivyo.

Alizunguka kwanza. Aliulizia bei ya wino, akalaumu umeme, akafika alikokuwa anakwenda: je, kuna mtu anayeleta picha za mkono, kola, kivuli? Saa Moja akafuta miwani yake kwa muda mrefu.

"Zipo. Mama watoto wako ndiye anayezileta."

"Anakuambia nani kapiga?"

"Sijauliza. Mteja ni mteja, kaka." Akaivaa miwani. "Ila nilidhani ni wewe. Nikasema, kumbe bwana huyu miaka yote anatuficha. Nilikuonea wivu wiki nzima."

Inua Kidevu aliaga bila kumaliza chai aliyopewa. Alivuka barabara nusura agongwe na baiskeli. Alipokuwa amekaa tena kwenye kiti chake, mbele ya maporomoko yake ya maji, hakujua kipi kilimuuma zaidi: kwamba kuna mtu anayemtazama mkewe, au kwamba mtu huyo anajua kazi kuliko yeye.

Ikabaki maktaba. Alikwenda mapema kabla ya zamu ya mkewe, akijifanya anataka kitabu, na kwa kuwa hakuwahi kutaka kitabu maishani alishindwa hata kujua aanze kudanganya vipi. Akatoa cha kwanza kilichomjia mkononi, kikubwa, cha picha, akaketi kwenye kona ambayo angeweza kuona kila anayepita. Na hapo akamwona. Nyuma ya kaunta, kwenye chumba chenye harufu ya gundi, alikaa fundi wa vitabu, anayeshona kurasa zilizong'oka na kuvisha majalada mapya. Alikuwa mfupi. Alikuwa mfupi kiasi kwamba aliposimama hakuongeza kitu. Vidole vyake vilikuwa vyembamba na vyenye subira, na kwenye meza yake, ndani ya glasi ya maji, palikuwa na ua moja.

Inua Kidevu alijificha nyuma ya kitabu, na kwa sababu mtu hawezi kujificha nyuma ya kitabu muda mrefu bila kukitazama, akakitazama. Palikuwa na picha ya mwanamke aliyesimama mlangoni, mgongo kwa mtazamaji, koti lake limekunjamana mabegani. Hapakuwa na maporomoko wala ngazi. Hapakuwa hata na kidevu. Lakini alijua, kwa namna ambayo hakuweza kuieleza, kwamba mwanamke yule alikuwa ametoka kusema jambo gumu na alikuwa akisikiliza kama litajibiwa. Alitaka ageuke. Akajikuta ameinama kuelekea ukurasani kama mtu anayetaka kumwita. Alipoinua uso, fundi wa vitabu alikuwa amesimama mbele yake, akitabasamu.

Walisalimiana. Fundi alimtambua, akamsifia mkewe, na kila sifa ilikuwa sindano. Alisema mama yule ndiye mtu pekee anayevihurumia vitabu vinavyofutwa, vile ambavyo maktaba haivihitaji tena. Huvichukua vyote nyumbani badala ya kuviacha vikachomwe.

"Ila ana mambo yake," aliongeza, akicheka. "Haulizi kinahusu nini. Anauliza unene. Juzi kaniambia, kaka, nipatie kinene kidogo kuliko kile cha mwanzo, kile kimezidi. Nikampa, akakipima kwa vidole, akafurahi. Baadaye anavisoma, hilo najua, maana hunisimulia. Lakini anaanza na unene."

Inua Kidevu alicheka naye, akatoka nje, akasimama juani. Kinene kidogo kuliko cha mwanzo. Ni lugha gani hiyo kati ya watu wawili wazima, kama si ya fumbo? Watu wanaopendana hupeana maneno yasiyo na maana ili wengine wasielewe. Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza, na mfano ulikuwa karibu mno na ukweli kiasi kwamba hata yeye hakuupenda.

Mchana huohuo akafanya jambo ambalo halirudi nyuma. Alimpigia simu shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe, karani wa mahakama aliyestaafu. Katika familia ile, na katika familia nyingi, mtu akishamwita kaka wa mke, maneno yametoka chumbani yameingia barazani, na hapana ufagio wa kuyarudisha ndani. Kaka huyo akija, huja na jambo moja kati ya mawili: kupatanisha, au kumchukua dada yake. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, hakuguna hata mara moja.

"Nitakuja Jumamosi," alisema. "Lakini ukinitoa kwangu, shemeji, uwe na ushahidi. Usiniwekee ndoto mezani."

Usiku ule hakupata usingizi wa maana. Mkewe alikuwa akipumua kando yake taratibu, mtu asiye na deni la mtu yeyote, na yeye alimsikiliza akijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alimtazama bila kumtafuta mtu mwingine nyuma yake. Alimpenda. Jambo hilo lilimjia wazi kabisa katikati ya hasira, nalo halikumsaidia chochote. Kama Jumamosi ingemalizika kwa sanduku mlangoni, hakujua angerudi kwenye nyumba gani.

Ijumaa asubuhi aliaga kama kawaida. Alichukua mkoba, akafunga mlango wa mbele kwa kishindo cha kutosha, akatembea mpaka kwenye kona, akazunguka nyuma ya nyumba kwa uchochoro wa majirani, akaingia kwa mlango wa jikoni na viatu mkononi. Kwa umri wake, na uzito wake, ilikuwa kazi ya kutoa jasho. Nyumba yake mwenyewe ilimpokea kama mgeni. Hakuwahi kuwamo saa kama zile siku ya kazi. Kila siku jua lilimkuta studio, akitandaza mapazia. Hakujua kwamba ukumbi wake hupata mwanga mwembamba wa dhahabu unaotokea chini ya mlango mmoja, mlango wa chumba cha binti yao aliyeolewa, chumba ambacho kwake kilikuwa stoo ya masanduku na kilichohitaji balbu ili kuingiwa.

Ndani ya chumba hicho palikuwa na sauti ya mkewe.

"Taratibu," alikuwa akisema, kwa upole. "Usikaze mabega. Hivyo. Kidogo kushoto. Sasa ngoja... ngoja..."

Hakungoja yeye. Aliusukuma mlango ukagonga ukuta, na wakati uleule kitu kikalia, sauti kavu na ndogo ambayo alikuwa ameisikia kila siku ya maisha yake ya kazi.

Ukuta ulikuwa wa rangi ya chungu. Masanduku yalikuwa yamesukumwa upande mmoja na kufunikwa. Dirisha la mashariki lilikuwa na pazia jepesi, na mbele yake alisimama mkewe, katika gauni la manjano lenye vifungo vya mbao, mkono mmoja umeinuliwa nusu, macho yamemtoka. Hapakuwa na mwanamume. Alitazama nyuma ya mlango, kwa kuwa alikuwa amekuja kufanya hivyo, akatazama hata nyuma ya masanduku. Katikati ya chumba palikuwa na kiti cha kulia chakula, na juu ya kiti palikuwa na vitabu vimepangwa, vinene chini, vyembamba juu, na juu ya vitabu ilikaa kamera ndogo ya zamani yenye kioo cha nyuma kilichopasuka, ile aliyompa mkewe aitupe. Taa nyekundu ya kujipigia picha, iliyokuwa ikipepesa mbele yake, ilizimika.

Kilikuwa kimo cha kiuno hasa.

"Umeniharibia picha," mkewe alisema.

Alikwenda kwenye kamera, akaishusha, akaitazama nyuma kwa kuinamisha kichwa ili nyufa zisimzuie. Kisha akampa. Kwenye kioo kilichopasuka mwanamke wa manjano alikuwa bado mzuri, na pembeni, mlangoni, palikuwa na mwanamume mwenye viatu mkononi na uso wa mtu anayekuja kuua. Inua Kidevu alikuwa amepiga nyuso maelfu na hakuwahi kuruhusu uso kama ule utoke studio kwake. Aliona haya, haya ya kweli, iliyompanda kutoka miguuni. Akaviweka viatu chini.

"Ulikuwa unasema na nani?" aliuliza hata hivyo, maana shaka haifi siku moja.

"Na mimi mwenyewe. Asubuhi nyumba hii ina nani mwingine wa kusema nami?" Alimtazama vizuri sasa, viatu, jasho, mkoba. Alikuwa mwanamke mwepesi wa kuelewa. "Ulidhani utamkuta nani?"

Hakumficha. Alimweleza yote akiwa amesimama, tangu mkasi mpaka Saa Moja, mfamasia na wakala wa bima na fundi wa vitabu na ua lake, na alipofika kwa mtu mfupi aliyepiga magoti mkewe alicheka, kicheko kilichoanza vizuri na kukatika katikati. Kisha akamweleza kuhusu simu. Hapo mkewe hakucheka tena. Alikaa kwenye sanduku mojawapo, akaweka mikono mapajani.

"Umemwita kaka," alisema.

"Nimemwita."

"Kwa ajili ya mtu ambaye ni vitabu."

Alipoanza kusema tena hakuwa anajitetea, alikuwa anasimulia tu. Alisema binti alipoondoka asubuhi zilikuwa ndefu, hazina pa kushika. Akafungua kimojawapo cha vile vitabu vya kuchomwa, akakuta picha ya mwanamke amekaa mezani na koti lake, hana lolote, anamega mkate. Hakuwa mzuri kuliko yeye. Ila kulikuwa na mtu aliyemtazama. Basi akaanza: siku moja rangi ya koti, akaitafuta kwenye mitumba mpaka akaipata, siku nyingine ukuta, akanunua kopo la rangi akaupaka mwenyewe, siku nyingine sentensi aliyoisoma jikoni, akatembea nayo kutwa. Kila asubuhi kitu kimoja, siku ipate pa kuanzia. Vitabu alivisoma vyote. Lakini kamera ilitaka kimo, na kimo hakipatikani ila kwa kujaribu unene huu na ule.

"Mbona hukuniambia?" mumewe aliuliza. "Mimi ndiyo kazi yangu."

"Ungeniambia niinue kidevu."

Mumewe alitazama vitabu vilivyopangwa kitini, akafikiri jinsi alivyoshinda siku zote zile na picha za mkewe mikononi, akipima kivuli, akipima kimo, akimtafuta mwanamume kila pembe.

"Picha zote hizo ulizitazama," mkewe alisema, kama aliyekuwa akizisikia fikra zake. "Niambie nguo ya kijani ina vifungo nyuma au haina."

Alifikiri. Aliikumbuka pembe ya mwanga na hata saa ya asubuhi. Kuhusu vifungo hakujua.

"Kesho kaka akija," mkewe akaendelea, akisimama, akikung'uta gauni, "mlango nitamfungulia mimi. Wewe utamwambia ulichomwitia. Ana mapenzi na ushahidi, mpe huo ulionao. Na akiniuliza kama narudi naye," akasita, "bado sijajua nitamjibu nini. Sikutishi. Sijui tu."

Mumewe alitaka kumwomba radhi, na maneno ya radhi yapo mengi na yamepangika vizuri, lakini yote yalimjia na sauti ya studio. Nje mtu alikuwa akifagia uwanja wake, na jua lilikuwa limeanza kuteremka kutoka usawa wa dirisha kuelekea sakafuni.

"Mwanga unahama," mkewe alisema. Alichukua shuka jeupe lililokunjwa juu ya masanduku, akamtupia. "Ukitaka kubaki, shika hili nyuma ya kiti, ulikunjue, lirudishe mwanga upande wangu wa kulia. Usiseme kitu."

Akalishika. Alisimama pale alipoonyeshwa, mikono imetanuliwa, kama mtu aliyeambiwa anike nguo na hana kamba. Aliona kwamba shuka lilikuwa juu kidogo, akalishusha, na upande wa kulia wa uso wa mkewe ukatoka gizani. Mkewe aliliona hilo lakini hakulisema. Alirudisha kamera juu ya vitabu, akaondoa chembamba kimoja, akabonyeza. Taa nyekundu ikaanza kupepesa. Akatembea mpaka dirishani bila haraka, akageuka.

Safari hii hakuficha uso. Aliutazama ukingo wa dirisha kwanza, kisha akainua macho, akayapitisha juu ya kamera, juu ya bega la mumewe, hadi kwenye kitu kilichokuwa nyuma yake, na uso wake ukafunguka. Mumewe alikuwa ameuona uso ule tangu ukiwa wa msichana. Aliuona ukizaa, ukilia, ukisinzia. Hivi hakuwahi kuuona. Ulikuwa uso wa mtu anayemwona wa kwake akija kutoka mbali.

Aliambiwa asitikisike na alijua kwa nini. Alijua pia kwamba hapakuwa na mtu. Taa ilipepesa, ikapepesa haraka zaidi, na ile hofu yake ya zamani ikampanda kifuani kana kwamba haikuwahi kushuka. Akageuka kutazama.

Palikuwa na mlango, aliokuwa ameuacha wazi, na ukumbi mtupu uliojaa jua.

Kamera ikalia.

"Umetikisa shuka," mkewe alisema, akienda kubonyeza tena.